Ukingo wa Ndani

Damu ilikuwa kwenye reli, na hakuna mtu aliyelia.

Ulikuwa mstari mwembamba, urefu wa hatua tatu hivi, upande wa ndani wa bomba, pale vidole vinapojikunja mtu akishika. Mahali pengine ilikuwa imeganda na kuwa nyeusi, mahali pengine bado mbichi. Sista mkuu wa kliniki alisimama kando, ameshika ndoo na kitambaa alivyomnyang'anya mfagizi.

"Leo ni siku ya nne," alisema. "Siku tatu tumepangusa tu, tukidhani bandeji ya mtu imevuja. Leo nimesema isiguswe mpaka wenye reli yao waje waione."

Wenye reli tulikuwa wawili, mimi na baba mdogo. Karakana ilikuwa yake. Mimi nilikuwa fundi wake wa kumalizia. Baba mdogo aliinama, akaitazama ile damu kama mtu anayesoma mita ya maji, kisha akanyoosha mgongo.

"Mtu kaja na kidonda chake," alisema.

Mimi sikuinama. Sehemu ile niliijua kama ninavyoujua uso wangu, kwa sababu mimi ndiye niliyeipaka rangi.

Miaka ishirini na mitatu imepita tangu asubuhi ile. Watu wazima wenye busara zao wameniambia hasira hupoa, niipe muda. Nimeipa. Nimeolewa nayo, nimezaa nayo, nimefungua karakana yangu mwenyewe nayo, na hata leo nikiwa nimetulia na kikombe changu mkononi, bado inawaka kwa moto uleule. Sehemu ya hasira hiyo ni ya baba mdogo. Sehemu nyingine, na hii ndiyo isiyonipa raha, ni yangu mwenyewe.

Baba alifariki nikiwa na miaka kumi na mmoja. Mdogo wake akatuchukua, mimi na mama, akatupa chumba nyuma ya karakana, chenye dirisha linalotazama rundo la mabomba. Lazima niseme kweli: alitulea. Alininunulia sare, alikuja shuleni nilipopigana, na nilipomaliza masomo na kusema nataka kuchomelea vyuma, mafundi wote walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Yeye hakucheka. Alinivalisha kofia yake ya kuchomelea, ikanifunika mpaka mabegani, akasema, "Tazama kwanza. Mikono itafuata."

Mikono ilifuata. Lakini kuunga vyuma hakukunikamata moyo kama kumalizia. Mafundi wengi hawaipendi kazi hiyo; wanaiona ya kike, kazi ya kupangusa mtoto pua. Mimi niliona kwamba chuma kikitoka kwa mchomeleaji bado ni ugomvi, na ni mimi ninayekitia adabu.

Kuna wavu wa chuma ambao haufumwi. Bamba zima hupasuliwa mipasuko midogo midogo, kisha huvutwa mpaka mipasuko ile ifunguke na kuwa macho yenye umbo la almasi. Ni mwepesi, una nguvu, unapitisha hewa, na mtoto hawezi kupenyeza kichwa. Watu huuweka chini ya reli za ngazi na za varanda. Ila ukiukata kwa kipimo chako, kila jicho ulilolipitia linakuachia meno mawili. Meno hasa, ya kukamata nguo na ngozi. Kwa hiyo ukingo lazima ushughulikiwe. Unausaga kwa grainda jino kwa jino. Pale diski isipofika unaingia na tupa. Kisha unaubana ukingo wote katikati ya vyuma bapa viwili, unavichomelea, unasawazisha mshono, ndipo unapaka rangi. Ukishamaliza unachukua donge la pamba na kulipitisha kote. Pamba ikiacha hata unyuzi mmoja, rudi na tupa yako.

Kwa ajili hiyo wenzangu waliniita Pamba. "Pamba, njoo uibusu kazi yangu," walikuwa wakiniita, nami naenda, na mara nyingi nairudisha, na wao wananitukana kwa mapenzi. Lakini lile donge la pamba sikulibuni mimi. Ni baba mdogo aliyenifundisha.

Kazi ya kliniki ilipokuja tuliishangilia. Ilikuwa kliniki mpya ya watu wa kisukari, na mbele yake mteremko mrefu wa zege unaopinda mara moja katikati, ili mwenye kiti cha magurudumu na mwenye magongo wapande bila ngazi. Reli zilitakiwa pande zote mbili. Siku ya kupima, sista mkuu alitusimamisha pale juu, tepu ikiwa bado mkononi mwangu.

"Wagonjwa wangu wengi vidole vimekufa ganzi," alisema. "Vya mikono na vya miguu. Mtu anakanyaga msumari, anatembea nao mpaka nyumbani, anauona wakati wa kuvua kiatu. Tunawafundisha watazame miguu yao kila hatua. Sasa mtu akitazama mguu, mkono hauna wa kuutazama. Nataka reli hii iwe laini kama shavu la mtoto."

"Itakuwa, dada yangu," alisema baba mdogo, akaweka kiganja kifuani.

Nilimsikia. Naye alijisikia. Hilo ndilo ninalolirudia watu wanapotaka kunieleza kwamba alikuwa mzee, kwamba alikuwa na mambo mengi.

Tulianzia juu kuja chini. Kutoka mlangoni hadi kwenye kona nilizibana kingo zote kwa vyuma bapa, na nilipopitisha pamba ilirudi nzima kama ilivyotoka kwenye pakiti. Vyuma bapa vya sehemu ya chini nilikuwa nimevikata tayari, nikaviandika namba kwa chaki na kuvilaza kando ya ukuta. Jumatatu moja nilifika karakana nikakuta ukuta mtupu.

Niliwaona uani. Nasema niliwaona kama vile ni watu, maana nilihisi hivyo. Kulikuwa na geti kubwa linatengenezwa kwa ajili ya nyumba ya mkandarasi, yuleyule aliyetupa kazi ya kliniki, na juu ya geti hilo vyuma vyangu vilikuwa vimepindwa kuwa maua na mizunguko. Kwenye ua moja namba yangu ya chaki ilikuwa bado inasomeka. Saba.

Baba mdogo alikuwa anakunywa chai kwenye kigoda chake.

"Baba, vile ni vya kliniki."

"Najua ni vya nini."

"Sasa kingo za chini nitazibana na nini?"

"Bosi anataka geti lake kabla mgeni rasmi wa ufunguzi hajafika kwake, na sasa anakuja wiki mbili mapema. Vingine havipatikani kwa sasa." Alikunywa funda moja. "Zisage kidogo, zibandike moja kwa moja upande wa ndani wa bomba, ziba na puti, paka rangi."

Puti ile ilikuwa ya kuzibia mabati ya magari. Ikikauka ni ngumu, ukiisugua kwa msasa inang'aa kama yai. Lakini juu ya ncha nyembamba za chuma, kwenye reli ya nje, inayopigwa jua na kuoshwa kila siku kwa maji ya moto na dawa, haikai. Kila fundi anajua haikai.

"Puti itapasuka," nilisema.

"Ikipasuka tutarudi."

"Baba, wale watu hawasikii vidole."

Hapo ndipo aliposema maneno ambayo sijaweza kuyatoa kichwani. Alinyoosha mkono kuelekea kwenye geti. "Mapambo yanaonekana," alisema. "Ukingo wa ndani nani anauona?"

"Hauonwi. Unashikwa."

"We Pamba." Sauti yake haikupanda. Ilishuka, na ilipokuwa inashuka hivyo nilikuwa narudi kuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja aliyesimama mlangoni na furushi lake. "Nikihitaji mwalimu nitamtafuta. Mimi ndiye niliyekuvisha sare ya shule. Nenda kakoroge puti."

Nikaenda. Sikumwaga chai yake, sikutupa tupa chini, sikwenda kwa sista mkuu, ingawa kliniki ilikuwa umbali wa dakika ishirini kwa mguu na miguu yangu ilikuwa mizima. Nilikoroga puti.

Na kibaya zaidi, niliifanya vizuri. Ingekuwa afadhali ningeifanya hovyo, kwa kununa, mtu akaona. Lakini mikono yangu haikujua kununa. Niliipaka kwa kisu chembamba, nikaisugua kwa msasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, nikapaka rangi mara tatu, bluu nyepesi aliyoichagua sista mkuu mwenyewe. Hakuna aliyeweza kujua vyuma bapa vinaishia wapi na uongo unaanzia wapi. Nikachukua pamba, nikaipitisha. Ikapita. Nilisimama pale nimeishika, haina hata unyuzi uliong'oka, nikajiambia labda baba mdogo anajua zaidi yangu.

Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alikata utepe. Hakushika reli, alikuwa na watu wa kumshika. Alisema maneno mengi kuhusu unadhifu. Baba mdogo alisimama mstari wa mbele na koti lake la kijivu, na watu walipopiga makofi alinigeukia akanikonyeza.

Wiki saba baadaye ndiyo tukaitwa kwa ajili ya damu.

Sista mkuu hakubishana na maneno ya baba mdogo kuhusu mtu na kidonda chake. Aliingia ukumbi wa kungojea, sisi nyuma yake. Wagonjwa kumi na saba walikuwa wamekaa kwenye mabenchi na kadi zao. Akapiga makofi mara moja.

"Wazazi wangu, naomba mikono. Viganja juu."

Sijawahi kuona kitu kama kile. Watu walitazamana, mmoja akauliza kama kuna kitu kinagawiwa, wengine wakacheka, kisha kiganja kimoja kimoja kikageuzwa, mpaka ukumbi mzima ukawa umetukunjulia mikono. Sista mkuu alipita benchi kwa benchi. Mimi nilibaki mlangoni. Nilikuwa naomba iwe kweli, awe mtu na kidonda chake.

Benchi la tatu alikaa mwanamke wa makamo, mnene, mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi, mguu wa kushoto una bandeji hadi kwenye kifundo. Mtaani walimwita Mama Pindo, kwa kuwa alikuwa fundi cherehani na hakuna aliyeweza kukunja pindo la nguo kama yeye. Kiganja cha kushoto alikifungua. Cha kulia kilikuwa kimeshika kadi ya kliniki, na sista mkuu alipomwambia aiachie, kadi haikuachia. Ilikuwa imegandana na mkono.

"Eh," alisema Mama Pindo, akiutazama mkono wake kama vile mtu kamsahaulia mzigo pale. "Hii nayo imetoka wapi?"

Kisha akacheka.

Kilikuwa kicheko cha kawaida, cha mtu aliyejikuta kavaa blauzi ndani nje. Kama angepiga yowe ningeweza kustahimili. Yowe lina mahali pake. Mtu anaumia, analia, wengine wanakimbia. Yeye alikuwa amepanda reli yangu siku nne mfululizo kuja kufungwa mguu, akitazama miguu yake kila hatua kama alivyofundishwa, na nyuma ya macho yake meno yangu yalikuwa yanamla vidole, na mwili wake haukumwambia neno.

Sista mkuu aliitoa kadi taratibu kwa maji ya chumvi. Kidole cha shahada na cha kati vilikuwa vimechanwa upande wa ndani, mchano juu ya mchano, vimevimba na kubadilika rangi.

"Juzi niliona damu nyumbani," alisema Mama Pindo. "Nikajua ni mkasi. Mkasi wangu mkorofi."

Muuguzi kijana aliyekuwa akimfunga mguu kila siku alijiziba mdomo. "Nimemhudumia siku zote hizi," alisema. "Nilikuwa naangalia mguu. Mguu tu."

Tukatoka nje kwenye reli, sista mkuu, mimi, baba mdogo, na wagonjwa walioweza kusimama wakatufuata. Mama Pindo naye akaja, mkono umefungwa shashi. Sista mkuu alichukua kalamu yake na kuukwangua ukingo. Kipande cha puti kilidondoka, bado kina ngozi yake nzuri ya bluu mgongoni. Chini yake meno yalikuwa yamepangana, safi kabisa, kama siku nilipoyakata.

Mama Pindo aliinamisha kichwa, akasogeza miwani. "Kumbe hamkukunja pindo," alisema. "Mimi nikimpa mteja gauni halina pindo, ananirudishia usoni. Nyinyi mnapaka rangi."

Ndipo baba mdogo akakohoa, akajinyoosha, akasema kwa ile sauti yake ya mbele za wakubwa:

"Mimi kazi yangu ni kuchomelea. Kingo ni za huyu. Muulizeni yeye."

Alininyooshea kidole. Watu wote wakanigeukia. Na ubaya wake ni kwamba hakusema uongo. Kingo zilikuwa zangu. Puti ilikuwa ya mkono wangu.

Nilikuwa na mengi ya kusema kuhusu geti, maua, ile namba saba. Yote yalinijia kwa pamoja yakakwama. Nilichosikia kikitoka mdomoni mwangu kilikuwa kidogo, na kilikuwa cha heshima, na ndiyo maana kiliuma.

"Baba, naomba upitishe mkono."

"Unasemaje?"

"Upitishe mkono kwenye reli. Upande wa ndani. Kuanzia hapa kwenye kona mpaka chini. Wewe vidole vyako vinasikia."

Alinitazama, na niliona kwamba alikuwa akinisubiri nishushe macho, kama nilivyoshusha siku zote za maisha yangu nyumbani mwake. Sikuyashusha.

Baba mdogo akaingiza mkono mfukoni.

Alifanya hivyo tu. Sista mkuu aliutazama ule mfuko, wagonjwa wakautazama, Mama Pindo akautazama juu ya miwani yake. Baba mdogo akageuka akashuka mteremko, akipita katikati kabisa, mbali na reli zote mbili.

Siku hiyo hiyo nilirudi na grainda. Sista mkuu alifunga mteremko kwa mabenchi, wagonjwa wakapitishwa mlango wa nyuma. Nilikata vipande vyote vya wavu vya sehemu ya chini, kumi na kimoja, cheche zikinirukia shingoni nami sijali. Vyuma bapa nilipewa na fundi wa ng'ambo ya barabara, mtu ambaye baba mdogo alikuwa hampi hata salamu. Hakuniuliza lolote. Alisema, "Chukua," akarudi kwenye kazi yake. Nilimaliza siku ya tano. Hasira ni nguvu mbaya, lakini ni nguvu. Katika maisha yangu sijawahi kusaga ukingo kama nilivyousaga ule.

Kisha nikaenda mbele ya kamati ya kliniki na kueleza. Waliniandikia maelezo, nikayasoma, nikaona wameandika kwamba "karakana ilitumia puti." Nikawaomba wafute. Nikawaambia waandike: baba mdogo aliagiza, mimi nilijua haitakaa, nikaipaka. Karani alinitazama akidhani sijaelewa maana ya karatasi ile. Nilielewa. Nikaweka saini.

Nilipokwenda kuchukua vifaa vyangu, baba mdogo alikuwa kwenye kigoda kilekile. Kazi za serikali alikuwa ameshanyimwa kufikia hapo. Alionekana mdogo, na sikufurahi, na sikuhuzunika pia.

"Ungeniambia faragha," alisema.

"Nilikuambia faragha. Ukaniambia nikakoroge puti."

Aliishi miaka kumi na saba zaidi. Tulikutana kwenye harusi na misiba, nikamwamkia, akaitikia, tukapishana.

Siku ile ya kuchukua vifaa, mama alinisubiri chumbani, amekaa kitandani, mikono mapajani. Alibaki pale kwa shemeji yake. Hakuwa na pengine, na nadhani hakutaka pengine.

"Umemvua nguo baba yako mbele ya watu," alisema.

"Alijivua mwenyewe, mama."

"Basi ungemfunika." Akaanza kulia. "Yeye alitufunika sisi."

Nilibeba tupa zangu nikaondoka, na mama hakukanyaga kwangu kwa miaka miwili, mpaka mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa. Alikuja, akamwogesha mtoto, akatupikia, akakaa mwezi mzima. Hatukulizungumza.

Vidole vya Mama Pindo havikupona. Damu ya mtu wa kisukari inachelewa kufika pembeni, na sumu inawahi. Hospitali kubwa walimkata viwili, cha shahada na cha kati, mkono wa kulia. Nilipopata habari nilikaa siku tatu nikitafuta ujasiri, kisha nikanunua matunda kwenye mfuko nikaenda.

Chumba chake kilikuwa na cherehani karibu na dirisha, imefunikwa kwa kitambaa. Nguo za watu zilikuwa zimekunjwa kwenye kikapu, hazijashonwa, kila moja ina kikaratasi chenye jina. Alikuwa amekaa kwenye kiti, mkono ule juu ya mto.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Weka mfuko wako hapo mlangoni."

Niliuweka. Nikaanza kusema samahani, na katikati ya neno nikaanza kulia.

"Usilie humu," alisema. "Aliyekatwa vidole ni mimi."

Nikajipangusa kwa kiwiko. Alinitazama, na uso wake haukuwa na kile kicheko cha siku ile.

"Nikuulize kitu kimoja. Ulipokuwa unapaka, ulijua?"

Ningeweza kusema niliagizwa. Ningeweza kusema nilibisha. Yote mawili yalikuwa kweli.

"Nilijua."

Aliinua kichwa polepole, akakishusha. "Wale wa kamati waliniambia umesema hivyo. Nilitaka nisikie kwa mdomo wako." Akageuka akatazama cherehani. "Miaka thelathini na mbili nimeshona. Hata ganzi ilipoingia nikajifunza upya, nikashona kwa macho. Nikijichoma sindano naona damu, najua nimejichoma, naendelea. Nilikuwa nimeishinda, unaelewa? Nilikuwa nimeishinda kabisa."

"Naelewa."

"Huelewi. Nenda sasa. Na matunda yako nenda nayo, mimi hayo siruhusiwi."

Nilipita na mfuko ule mitaa minne kabla sijakumbuka kwamba nimeubeba.

Nilimwona mara moja tena, miezi mingi baadaye. Kliniki walikuwa wamenipa kazi ya kukarabati madirisha, na nilikuwa chini ya mteremko nikipanga vifaa vyangu, asubuhi, jua likiwa bado dogo. Alikuja na kadi yake mkono wa kushoto. Mguu ulikuwa umepona. Alivaa viatu vya wazi vyenye soli nene, wanavyowapa wagonjwa pale. Alisimama mwanzo wa mteremko akapumua.

Reli ilikuwa pale kulia na kushoto kwake, bluu, imebanwa kwa vyuma bapa kila mahali, kingo zake nimezipitia kwa vidole vyangu mwenyewe, si mara moja. Nilitaka kumwambia. Nilitaka kumwambia kwamba hata ukilalisha uso wa mtoto mchanga pale hautapata mkwaruzo.

"Hujambo, fundi," alisema.

"Sijambo, mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Akaanza kupanda. Alishika katikati ya mteremko, mikono yote miwili ameikunja kifuani juu ya kadi, akitazama miguu yake, hatua, anapumzika, hatua. Kwenye kona aliyumba kidogo. Nilijikuta nimeinuka. Alisimama, akajiweka sawa bila kugusa kitu, akaendelea, nami nikabaki nimesimama vile na bisibisi mkononi mpaka alipofika mlangoni na kuingia ndani.